Homa ya Kasokola na Mratibu Mtarajiwa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Ijumaa mkuu wetu, Dokta Theopista, anateua mratibu wa utafiti wetu wa magonjwa ya watu na mifugo. Lazima niwe mimi! Mpango: madaktari wa watu wasionane kabisa na wa mifugo. Kila neno lipite kwangu. Wakikwama, watanililia. Nimewapangia siku tofauti, boma lilelile la mzee Manyanda, Kasokola. Mkewe ana homa inayokwenda na kurudi, miezi sasa. Malaria hana. Taifodi hana. Maskini mama wa watu.

Jumanne, 10 Juni
Nimempeleka Aneth, daktari wa watu. Kamtoa mama damu. Mzee katukaribisha maziwa mabichi. Aneth kakataa kwa adabu, akatangulia garini. Mimi nimemaliza kata nzima ya kibuyu. Matamu!

Jumatano, 11 Juni
Zamu ya Fredrick, daktari wa mifugo. Ng'ombe wametupa mimba. Akauliza kama bomani kuna mgonjwa. Nikamwambia hayo si ya idara yake. Nikanywa kata nyingine. Mzee akachachamaa: nyie mnakuja vipande vipande, mmegombana? Kesho tuje wote au tusirudi. Nimekwisha!

Alhamisi, 12 Juni
Wote gari moja. Nimenuna njia nzima. Pale uani Aneth akataja homa, jasho, viungo kuuma. Fredrick akataja mimba zilizotupwa. Wakatazamana. Wakauliza kwa pamoja: nani anakamua, na maziwa mnachemsha? Mama akasema anakamua yeye, na hawachemshi.

Mungu wangu! Miezi yote ya mateso, na jibu limepatikana kabla ugali haujaiva. Ugonjwa umetoka kwa ng'ombe, umepita kwenye maziwa mabichi! Mwili ulinisisimka. Mmoja anajua watu, mwingine anajua mifugo, na mbele yao ugonjwa umekosa pa kujificha. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Mama alilia aliposikia dawa ipo. Nami nililia, nikasingizia moshi.

Kisha Aneth akauliza kama kuna mgeni aliyekunywa. Mzee akaninyooshea kidole kwa fahari.

Ijumaa, 13 Juni
Maabara imethibitisha: ndiyo yenyewe, homa ya ng'ombe wanaotupa mimba. Mama ameanza dawa. Mratibu ni Aneth. Mimi nimetolewa damu, nitafuatiliwa kwa wiki kadhaa. Idara zote zilinizunguka, zikishauriana kwa upole. Ajabu kubwa! Na nani kawaunganisha? Mimi!

Kwa hiyo mpango mpya. Homa ikinishika, Aneth nitamtajia homa tu. Fredrick nitamtajia maziwa tu. Wakitaka kuunganisha, wapite kwangu.