Madini ya Chumba cha Nyuma

Mtaani walimwita Fundi Pole, maana kila alipobisha hodi alikupa pole kabla hujajua una msiba gani. Kazi yake, kama tutaiita kazi, ilikuwa kuwatisha wenye nyumba kuukuu kwamba dari zao zina asbesto, kisha "kuiondoa" kwa bei ya kuruka. Alikuwa na ovaroli jeupe, barakoa, na kipimo kilicholia ti-ti-ti popote alipotaka, kwani alikibonyeza mwenyewe.

Asubuhi hiyo, akipita kando ya ukuta, alimsikia bibi mmoja kwenye simu: "Wakikuruhusu hospitali kesho, njoo moja kwa moja. Mtoto atalala chumba cha nyuma. Lazima kiwe wazi leo hii, hata nikitoe vitu kwa meno."

Mjukuu mchanga ndani ya nyumba kuukuu! Fundi Pole alishukuru kimoyomoyo, akavaa barakoa.

"Hodi! Pole sana, mama."

"Kwani nani kafa?"

"Bado."

Akaelekeza kipimo darini, kikalia. Akaeleza kwamba vumbi la asbesto likishaingia pafuni halitoki. Hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli. Mwongo naye huteleza.

"Dari hii ni mpya," bibi alisema. "Ina siku nne."

Kipimo kilinyamaza ghafla.

Bibi alimtazama, akalitazama gari lake la mizigo pale nje, kisha akashusha sauti. "Lakini mashine yako ina pua, mwanangu. Imenusa ya chumba cha nyuma. Njoo uone."

Mifuko minane ya nailoni nene ilijaa mpaka dirishani.

"Ndiyo dari ya zamani. Mafundi waliilowesha maji, wakaishusha taratibu bila kuivunja, wakaifunga mara mbili, wakanionya nisifungue. Hebu niambie, hii asbesto ni kitu gani hasa?"

Fundi Pole alikuwa ameikariri karatasi yake ya kutishia watu, ila hakuwahi kuitafakari. "Asbesto ni... madini," alijibu, na neno lenyewe likamkolea utamu mdomoni, kama dhahabu.

"Ahaa. Basi kuna bwana anayafuata na lori saa kumi."

"Mmekubaliana ngapi?"

"Laki nne."

"Ya nini kumngoja, mama yangu? Chukua laki nne na nusu, sasa hivi!"

"Kama umeamua, tia saini hapa kwamba mzigo ni wako. Na usifungue."

Alisaini kwa mbwembwe, akapakia mwenyewe huku jasho likimtoka.

Kesho yake mnunuzi wa madini, alipotajiwa mzigo, alijifungia ndani. Fundi Pole akampigia bibi simu.

"Mama, umeniuzia sumu!"

"Si wewe uliyekuja kuniambia ni sumu?"

"Na yule bwana wa laki nne?"

"Ni wa shimo la taka za sumu la manispaa. Mimi ndiye niliyekuwa nimlipe yeye. Sasa mlipe wewe, na usithubutu kutupa mtaroni, saini yako ninayo." Kichanga kililia karibu na simu. "Ona, umemwamsha mjukuu wangu!" Akakata.

Fundi Pole alipanga foleni shimoni, akalipa laki nne. Karani alimpa risiti, akamshika mkono kwa dhati.

"Mafundi waaminifu kama wewe, kaka, siku hizi ni wachache sana."