Lori Dogo la Shamba la Bibi Pargeter

Jumamosi, 5 Aprili
Siku kuu! Nimepata lori. La kuchezea, sawa, linaenea kiganjani, lakini lori ni lori. Lilikuwa shambani kwa Bibi Pargeter, kando ya ua wa miti. Mashine yangu ya kutafutia vyuma ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikapiga magoti topeni, mvua inanichapa kisogoni, nikiota sarafu ya Kirumi. Likatoka lori! Halina magurudumu. Rangi imeliwa na udongo, imebaki doa la kijani tu nyuma ya kichwa chake.

Clive Ruddock alikuwa upande wa pili akifukua vizibo vya chupa. Nikalisunda soksini. Akaja mbio kuuliza nimepata nini. Nikamwambia msumari. Akasema hajawahi kumwona mtu akichekelea msumari. Wivu! Kila mwaka kikombe cha chama chetu cha wasaka vyuma hukibeba yeye, kwa ile bizimu yake ya mkanda wa askari wa kale. Mimi nasema ni ya pazia.

Tulichokubaliana na Bibi Pargeter ni kumwonyesha kila kitu. Nitamwonyesha. Wakati ukifika.

Jumapili, 6 Aprili
Nimeshinda kwenye kompyuta ya mke wangu, Winifred. Malori ya aina hii yalitengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mengi yalikuwa mekundu. La kijani ni adimu! Moja la kijani, likiwa na boksi lake, liliuzwa mnadani kwa bei ya kununulia jiko jipya. Langu halina boksi. Wala magurudumu. Wala rangi, tukisema ukweli. Lakini lilikuwa la kijani!

Winifred akalitazama juu ya miwani. "Norris mume wangu, hicho ni kipande cha chuma."

Hana jicho la biashara. Nimeshachagua jiko.

Jumatatu, 7 Aprili
Nimeliloweka kwenye siki ya achari ya vitunguu ling'ae. Limeng'aa! Doa la kijani nalo limeondoka.

Sikupaparika. Nikaenda dukani. Kijani walichokuwa nacho ni cha kupakia mageti. Nikalipaka mara mbili, kisha mara ya tatu kwa mapenzi. Magurudumu nikayapata kwenye mabomba ya jikoni: ile mipira ya ndani, mizuri, imelingana kabisa. Ukilitazama kwa mbali utadhani limetoka kiwandani asubuhi.

Winifred anauliza mbona jikoni kuna dimbwi.

Jumatano, 9 Aprili
Siku ya aibu. Mthamini wa vitu vya kale alikuja ukumbi wa kijiji. Anaitwa Bi. Sowerby, mwanamke mwenye vidole baridi. Akalishika lori, akalinusa, akaniuliza kama nimekula achari. Kisha akauliza rangi ya zamani iko wapi. Nikamwambia nimeiboresha. Akafumba macho.

Akanieleza taratibu, kama anamfariji mfiwa. Wakusanyaji wanataka rangi ya kiwandani, hata ikibaki chembe. Lile doa ndilo lililokuwa ushahidi wangu. Nilichonacho sasa kitaninunulia chipsi. Nikauliza, na samaki? Akasema, mnunuzi akiwa na huruma.

Nageuka, nani yuko nyuma yangu kwenye foleni? Clive! "Huo ndio ule msumari, Norris? Umekua!" Na nyuma ya Clive, amekumbatia birika la chai, Bibi Pargeter mwenyewe. Miaka themanini na ushee, na fimbo. Nikajiandaa kwa fimbo.

Akalichukua lori. Akaligeuza. Akaanza kucheka mpaka kifuniko cha birika kikagonga.

"Hili nililizika mimi! Kwa mikono yangu!"

Kumbe kaka yake, Lionel, hakuwahi kumwachia aguse magari yake ya kuchezea. Basi yeye, binti wa miaka sita, akawa anayaiba moja moja na kuyafanyia mazishi kamili, maua na wimbo wa kanisani. Ua mzima ule ni makaburi! Ametuamuru mimi na Clive tufike Jumamosi na mashine zetu. Lionel naye anaitwa kutoka Norwich.

Jumamosi, 12 Aprili
Sijawahi kufurahi hivi. Clive kulia, mimi kushoto. Mashine ikilia, Bibi Pargeter anaanza wimbo wa mazishi. Likatoka gari la wagonjwa. Ikatoka trekta. Lionel alisimama kando, amevaa tai, mkono mmoja kwenye fimbo. Halafu Clive akaibua basi la ghorofa, bado lina wekundu ubavuni, na mzee wa watu akakaa chini kwenye majani mabichi.

"Agatha. Maisha yangu yote umeniambia yaliibwa na kunguru."

"Kunguru nao walisaidia kidogo," dada yake akasema, akakaa karibu naye.

Kwenye chai waligombania nani aendeshe basi. Likapita kati ya keki, likaangusha maziwa. Clive aliniazima leso. Nilikuwa na mafua.

Hakuna kitakachouzwa. Lori langu Lionel amelitaka hivyo hivyo, eti kijani chake kinamchekesha. Bibi Pargeter ameniruhusu niendelee kuchimba, nikiapa kutoficha tena. Nimeapa, mkono juu ya keki ya matunda. Moyo mweupe!

Jumapili, 13 Aprili
Nilikuwa napita uwanja wa kriketi, mashine mkononi kwa bahati tu. Katikati kabisa, pale wanapopigia mpira, ikalia! Sauti nene. Lazima ni gari la zimamoto. Kiapo cha jana kilihusu shamba. Huu ni uwanja.

Bw. Tuttle, mtunza nyasi, akaja kuuliza ninafanya nini. Nikamwambia nimesikia mnyama fuko akichimba chini. Mkubwa, na ana familia. Maskini, machozi yalimlenga. Amenishika mkono kwa shukrani, na sasa hivi amekwenda kuniletea sepetu lake mwenyewe.

Mechi ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Muda upo tele.