Kioo Cheusi Kamanga

Jumatatu, 3 Machi

Bosi wetu, Bwana Ndalahwa, ametangaza. Ijumaa tunavuka ziwa kwa feri kwenda Kamanga kuwaonyesha kina mama wa dagaa programu yetu ya kupimia mzigo. Mimi na Dorcas, kila mtu na kompyuta yake. Atakayewaridhisha kina mama ndiye atakayehamia Nansio kuongoza mradi mzima. Mkuu wa Mradi! Nimeshaandika jina langu na cheo hicho nyuma ya bahasha, nione vinavyokaa pamoja. Vinakaa vizuri sana.

Nimemchunguza Dorcas. Anaandika msimbo wa programu kwenye skrini nyeupe pe, kama mwalimu wa chekechea. Wataalamu wote niliowaona kwenye video wanatumia nyeusi tii. Basi dawa nimeipata. Kila kitu changu kitakuwa cheusi: kihariri ninachoandikia msimbo, dirisha la amri ninamoiagiza kompyuta, hata programu yenyewe. Nansio, nakuja.

Jumanne, 4 Machi

Kihariri kimekubali. Cheusi kama sufuria ya kuni. Dirisha la amri limekataa, limebaki jeupe. Kumbe kila kimoja kina mipangilio yake na havisikilizani, kama mtu na wifi yake.

Nikalibadilisha kwa mkono. Weusi ukaja! Nikasahau kwamba herufi nazo zilikuwa nyeusi. Asubuhi nzima nimeandika amri nisizoziona. Mojawapo imefuta kazi ya jana. Dorcas akauliza mbona dirisha langu halina kitu. Nikamwambia ni usalama, hata mwizi akija hasomi. Akainama, akabonyeza mahali, herufi zikatokea. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Sitamsamehe upesi.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Bosi amekuja na majivu yake kwenye paji la uso. Nikamwambia hata Kanisa linajua heshima ya cheusi. Akapita moja kwa moja mezani kwake. Nadhani ni njaa ya mfungo.

Siku nzima nimechagua rangi za herufi. Kilo, kijani ya giza. Majina ya kina mama, bluu ya giza zaidi. Nikafunga mapazia yote na kuzima taa ili niuone uzuri wake. Ofisi ikawa pango. Dorcas akasema haoni hata kikombe chake, akabeba kompyuta akaenda kukaa nje juu ya jiwe, juani, na ile skrini yake nyeupe. Nikamchungulia kwenye pazia, nikamhurumia. Mtu mzima na diploma yake anafanya kazi juu ya jiwe kama mjusi!

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Jioni wale wadudu wa ziwani wamepanda kutoka majini, wingu zima, wakaingia ofisini. Wakaiona skrini ya Dorcas. Wakaivamia mpaka akawa anasoma kupitia mabawa. Akipangusa, wanarudi. Mmoja aliogelea kwenye chai yake.

Kwangu? Hata mmoja. Bosi akasimama nyuma yangu, akasema kweli Revocatus, hapo umeona mbali. Umeona mbali! Nilimwomba arudie, akarudia. Dorcas akasema tu kwamba kesho tutakuwa kule mchana. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa ukaidi tu.

Nilitarajia ukumbi. Hakuna ukumbi. Kina mama walikuwa wameanika dagaa mchangani na wakakataa kuwaacha, mwewe wasije wakawala. Meza ikawekwa palepale, katikati ya dagaa, jua la utosi.

Nikafungua kompyuta. Nikajiona mimi. Pua yangu, wingu moja, na mwewe akipita. Kilo hazikuonekana kabisa. Nikamwamkia mwenyekiti wao, Mama Paskazia, shikamoo. Akaitikia marahaba, akasogea, akainama, akatazama kwa makini sana. Nikapata matumaini. Akafungua kilemba chake, akakifunga upya.

"Kioo chako kizuri, mwanangu," akasema. "Sasa kilo zangu ziko wapi?"

Nikavua koti, nikajifunika pamoja na kompyuta, nikaanza kumsomea kilo kutoka humo ndani. Joto la tanuri. Nikamsikia akimwuliza Dorcas kama naumwa. Kisha akaniuliza mimi kama kila siku ya kupima itambidi naye aingie humo, na mumewe aambiwe nini. Ufukwe mzima ukacheka.

Dorcas akafungua yake nyeupe. Herufi kubwa nyeusi, hazina mvuto wowote. Wakazisoma kwa sauti wote, hata wale waliokuwa mbali wakifukuza mwewe. Niliumia, sifichi. Kwenye feri nilikaa upande wa magari.

Jumatatu, 10 Machi

Dorcas anakwenda Nansio. Mkuu wa Mradi. Bosi akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema mengi. Basi akanipa nafasi nyingine: mwisho wa mwezi, Misungwi, kwa kina mama wa mpunga. Uwanjani, mchana.

Kabla ya kwenda kufungasha, Dorcas alikuja mezani kwangu. Akaniambia taratibu kwamba mchana niweke nyeupe, jioni nirudishe nyeusi, na kwamba ni kubonyeza mara moja tu. Akabonyeza, nikaona. Nikamshukuru. Alipogeuka nikairudisha nyeusi.

Maana nimetafakari tangu juzi. Kosa halikuwa weusi. Kosa ni kwamba ulikuwa weusi wa nusunusu. Safari hii nimeukoleza, na herufi nimezifanya za kijivu, zisishindane nao. Mwenye matatizo ni jua, si mimi.

Tena nimechukua koti la marehemu babu, lile alilokuwa akichungia ng'ombe. Nimelijaribu na mlinzi wa getini. Tunaenea wawili.