Diski Yangu na Diski ya Onsongo

Jumatatu, 14 Septemba 1998

Diski ya nje imefika! Binamu yangu wa Nairobi ameituma kwa basi, imeviringishwa ndani ya shuka kuukuu. Kisanduku kizito, rangi ya majivu, kina taa ya kijani. Unakichomeka nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la printa, na kazi zote za wateja zinahamia humo. Mji mzima wa Kisii tuko wawili tu wenye kitu hiki. Mimi, Ondieki, mwenye ofisi ya kupiga chapa nyuma ya duka la vitambaa la Bwana Shashikant. Na Onsongo, ng'ambo ya barabara, mwenye ofisi kama yangu na tumbo kubwa kunishinda. Anajigamba yake ina kasi. Tutaona!

Ubaya ni mmoja. Diski ikikaa kwenye tundu la printa, printa haina pa kukaa. Wateja walikuja kuchapishiwa barua zao, nikawaambia wangoje, napima kasi. Wakavuka barabara. Nyanchera, mpiga chapa wangu, alikaa kwenye stuli kutwa akitazama nje.

Jumanne, 15 Septemba

Balaa. Nyanchera amesema Jumatatu ijayo anahamia kwa Onsongo.

Huyu ndiye mtu wa pekee ninayekunywa naye chai. Nikimwondoa yeye, anabaki Bwana Shashikant, na huyo mazungumzo yake ni vitambaa tu. Nikamuuliza kisa na maana. Akasema kule kwa Onsongo watu huongea. "Hapa, bosi, tangu asubuhi hadi jioni ni mashine tu inalia."

Jioni nimekula ugali peke yangu kule chumbani kwangu Kiogoro. Nimewaza mpaka jibu likaja. Diski ya Onsongo ni ya haraka, humaliza kazi mapema, ndiyo maana wanapata nafasi ya kuongea! Yangu ikiishinda, tutaongea kuwapita. Nyanchera hatakuwa na sababu ya kuhama. Nikaueleza ukuta mpango wangu. Haukupinga.

Jumatano, 16 Septemba

Nimemwita Onsongo kwenye mashindano hadharani. Alicheka hadi akashika mlango, kisha akakubali. Ijumaa alasiri, ofisini kwangu. Mwamuzi ni Mwalimu Obwocha, mstaafu, mzee wa kanisa la Sabato, mtu asiyependelea hata mbuzi wake.

Sharti langu: kila mmoja amletee mwenzake mzigo wa faili za kunakili kwenye diski. Onsongo hakushuku kitu. Maskini! Mimi nimemtengenezea maelfu ya barua ndogondogo, nyingine zina neno moja tu. Vitu vidogovidogo huichosha diski. Ni kama kuhamisha mahindi punje kwa punje badala ya gunia zima.

Nyanchera aliuliza ninafanya nini tangu asubuhi. Nikasema ni siri. Akasema haya.

Ijumaa, 18 Septemba

Siku ya aibu.

Onsongo alileta kompyuta yake kwa mkokoteni. Watu wakajaa: fundi wa saa, akina mama wa ndizi, Bwana Shashikant na kiti chake mwenyewe. Kabla hatujaanza stima ikapotea. Tukangoja. Iliporudi, Mwalimu Obwocha akasimama, akasema amefikiri, na haki ni kila mtu abebe mzigo aliokuja nao mwenyewe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilijaribu kupinga. Mwalimu akaniuliza kama mzigo wangu una kasoro. Nikasema hauna.

Onsongo alimaliza kabla sijafuta miwani. Watu wakampigia makofi. Yangu ikawa inatambaa, barua moja, barua nyingine. Kisha jua likaelekea milimani. Mwalimu akachukua kofia: Sabato inaingia. Wote wakaondoka, Onsongo na mkokoteni wake, fundi wa saa, akina mama. Mimi Mkatoliki nilisahau kabisa kwamba Ijumaa ya watu hawa ina mwisho!

Nyanchera akashika mkoba. Nikamsihi angoje kidogo tu, awe shahidi wangu diski ikimaliza. Akanionyesha jua. Halafu akasema kesho nije kwao Keumbu baada ya ibada. Mama yake amepika leo, maana siku ya Sabato hawawashi moto, na chakula huwa cha watu wengi. "Njoo tu, bosi. Hata usilete kitu." Nikasema nitaona.

Diski ilimaliza tukiwa wawili, mimi na Bwana Shashikant. Akanipongeza, akaomba nimpishe achukue kiti chake.

Jumamosi, 19 Septemba

Nilipiga pasi shati jeupe. Nikapitia ofisini mara moja tu. Mji kimya, maduka mengi yamefungwa, stima imetulia. Nikasema nijaribu kidogo kabla ya kwenda Keumbu. Nikafuta zile barua za kipuzi, nikaweka mzigo mmoja mkubwa.

Ajabu! Iliruka! Nimempita Onsongo kwa mbali. Niliinuka, nikapiga kelele, nikageukia stuli kumwambia Nyanchera. Stuli tupu.

Nikarudia, isije ikawa ni bahati. Nikarudia tena. Nilipoinua kichwa alasiri ilikuwa imekwisha. Sarla, mkewe Bwana Shashikant, alipita akaniuliza na shati zuri namna hii ninakwenda wapi. Nikamwambia siendi popote.

Jumapili, 20 Septemba

Nyanchera amekuja kuchukua kikombe chake na mto wa kiti. Akasema mama yake alinifunikia sahani ya kuku na obokima, ugali wetu wa wimbi, mpaka jioni, hakutaka mtu aiguse. Nikamweleza matokeo ya jana. Akasikiliza akiwa amesimama. Nikamwambia sasa anaweza kubaki, tutakuwa na nafasi tele ya kuongea.

Akasema, "Bosi, hakuna aliyekuwa akishindana na wewe. Sisi tulikuwa tunakungoja uje ule." Akaongeza kwamba mama anasema nije Sabato ijayo. Akaenda.

Nilikaa kwenye stuli yake. Nasema wazi, nilitaka kulia.

Jumatatu, 21 Septemba

Kicheko chao kinavuka barabara mpaka hapa. Cha Nyanchera nakijua.

Nimeyapima sana maneno yake ya jana, na nimeelewa kosa langu. Jaribio la Jumamosi halikuwa na uhakika wa kutosha. Mtu hawezi kurudi kwa sababu ya kasi ambayo imepimwa siku moja tu! Lazima nipime tena, vizuri, bila haraka.

Mchana nimevuka barabara, nikamwomba Nyanchera amwambie mama yake asinifunikie sahani Jumamosi hii. Siku hiyo mji huwa kimya na stima haichezi. Nitakuwa kazini.