Barua Iliyoloweshwa Chai

Jumatano, 25 Februari

Baridi kali, moyo mkunjufu. Miaka ishirini na miwili nafundisha historia katika shule ya North Gilley, na leo ajenda ya Mkutano wa Mji, ambapo wakazi wenyewe hupiga kura, imebandikwa dirishani posta. Kifungu cha tisa: somo la historia lifutwe, vipindi vyake apewe Kocha Duquette kwa hoki ya barafu. Kura ni Jumanne. Duquette! Mtu anayeegesha gari kwenye nafasi yangu kila asubuhi, kisha ananipungia mkono kwa furaha.

Nimemwambia mke wangu Winifred kwamba nitapambana. Akanishauri niwaeleze watu, kwa unyenyekevu, faida ya historia. Mwaka jana nilieleza kwa dakika arobaini. Mchungaji alikoroma.

La. Mji huu haupendi hoja, unapenda kusifiwa. Hasa ukiambiwa shira yake ya mepo, ile inayochemshwa kutoka utomvu wa mti, ni tamu kuliko ya West Corley, wale majirani zetu wa ng'ambo ya mto. Nimepata wazo. Nimekula vipande viwili vya pai kujipongeza.

Alhamisi, 26 Februari

Mpango wenyewe: barua ya kale "itagunduliwa" darini mwa shule. Mwandishi ni Kapteni Ezekiel Stroud, wa vita vya uhuru wa Marekani. Hakuwahi kuwepo duniani, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa, maana hana wajukuu wa kubisha. Kikosi chake kinapita hapa kina njaa. Akina mama wa North Gilley wanakilisha shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, pamoja na donati na achari ya matango, kama tunavyokula mpaka leo. Askari wanapata nguvu, wanashinda. Kapteni anaapa kwamba shira ya West Corley ina ladha ya soksi.

Tarehe nimeweka 11 Agosti 1777, kwa sababu vita vya huku vilipiganwa Agosti. Mimi ni mtu wa usahihi.

Karatasi nimeilowesha kwenye chai, nikaikausha ndani ya oveni. Winifred akauliza kinachoungua ni nini. Nikamjibu ni utafiti. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akaenda kufungua madirisha.

Ijumaa, 27 Februari

Nimeisoma barua darasani. Hattie Colburn, miaka kumi na mitatu, mlinda goli wa Duquette lakini kichwa chake ni changu, aliishika karibu na pua, akaikodolea macho muda mrefu. Akauliza nani kaiandika, lini, na ilikuwa wapi miaka yote hiyo. Maswali yangu matatu! Nawakaririsha tangu Septemba. Kidogo machozi yanitoke.

Akaomba nakala akamwonyeshe babu yake, mzee Asa, anayechemsha utomvu wa miti elfu mbili kila mwaka. Nikampa nakala mbili.

Jumatatu, 2 Machi

Mji mzima unazungumzia soksi. Duquette kaleta donati kwenye chumba cha walimu. Hongo ya wazi! Nikala nne ili kumpunguzia silaha. Akaniuliza kama nataka ya tano. Mtu hatari.

Hattie kasema anataka kuizungumzia barua mkutanoni. Asiyepiga kura haongei mpaka mkutano umruhusu, na mtoto ndiyo kabisa. Nikamwambia asijali, nitamwombea ruhusa mimi mwenyewe. Mcheza kwao hutunzwa!

Jumanne, 3 Machi

Nimeula wa chuya.

Ukumbi ulijaa. Bi Lucinda Weeks, mwenyekiti, kagonga nyundo, akasoma kifungu cha tisa. Nikainuka na tai yangu nyekundu, nikaomba Hattie aruhusiwe. Wakamruhusu wote, na Duquette kwa mikono miwili. Nikakaa, nikakunja mikono kifuani, tayari kusifiwa.

Hattie akasema, "Mimi naomba kuuliza tu, Mwalimu. Hiyo theluji ya Agosti waliitoa wapi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mtoto hakumaliza. Akasema utomvu hutoka mwezi huu wa Machi, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, kila mtu humu anajua. Akasema karatasi inanuka chai ya limau. Akasema ametafuta jina la Kapteni Stroud katika vitabu vyote vya mji, na hayumo. Alisema haya yote kwa upole, kwa mpangilio, kama nilivyomfundisha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na nikaona fahari, Mungu nisamehe, fahari kubwa kuliko aibu.

Mzee Asa akasimama, kofia mkononi. "Jamani, huyu mwalimu ni mwongo wa kutupwa. Lakini mtoto anayeweza kumkamata mwalimu wake hivi, kesho hatadanganywa na muuza trekta wala mwanasiasa. Mimi nilidanganywa na wote wawili. Somo libaki!"

Duquette naye kasimama, akasema goli lake liko mikononi mwa msichana anayejua kumsoma mtu kabla hajapiga. Yeye atafundisha hoki baada ya masomo. Bi Lucinda akauliza nani wanataka historia ifutwe. Mikono tisa. Mmoja ulikuwa wangu, nikiomba kwenda nje. Waliopinga, mia moja na thelathini na mmoja. Historia imebaki!

Chakula cha mchana wakaniletea shira juu ya theluji, sahani iliyojaa, wakiniita Kapteni. Hattie akaniomba msamaha. Nikamwambia amepata alama zote. Duquette akanipa achari yake. Sijawahi kula kwa raha kama leo.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeyatafakari yote kwa utulivu. Winifred anasema Hattie ndiye aliyeliokoa somo. Sawa, alisaidia. Lakini bila barua angemkamata nani? Barua ndiyo iliyofaulu! Kosa lilikuwa moja tu, ile theluji, na mtu mwenye busara hujifunza kutokana na kosa lake.

Mwakani, nasikia, watataka kupunguza maktaba. Nimeshaanza. Chai safari hii haina limau. Theluji nimeifuta yote, hakuna hata chembe. Sasa Kapteni Stroud anakuja North Gilley kuazima kitabu, na kikosi kizima kinavuka ziwa kwa miguu, juu ya barafu nene inayobeba hata farasi na mizinga. Picha nzuri sana. Tarehe nimeiacha ileile, 11 Agosti, maana mwandiko wa hapo ulikuwa umenikaa vizuri.