Gazeti Lako Limemuua Bwana Mabega

Ndugu Mhariri,

YAH: MTU MZIMA KUTANGAZWA AMEKUFA BILA NDUGU ZAKE KUULIZWA

Mimi ni mzee wa miaka themanini na moja, fundi vitanda, na akili zangu zote ninazo. Nimemzika daktari aliyenikataza chumvi. Nimewazika kaka zangu wote waliokuwa wakinicheka kwa ufupi. Nimeyaona majumba mawili ya sinema yakifungwa, moja sasa ni ghala la saruji na jingine wanauza matairi, na nimeyaona magazeti mawili yakifa ambayo wahariri wake walikuwa wanajibu barua. Nusu ya watu wa mtaa huu wamezaliwa juu ya vitanda vyangu, na wewe mwenyewe usijitoe haraka, maana sijui mama yako alinunua wapi.

Shuleni sikukaa sana. Nilitoka darasa la tatu nikiwa nimeshachukua kila walichokuwa nacho. Kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iinue mwenyewe, wewe ndiye unayelipwa kwa kazi hiyo.

Unanifahamu. Ni mimi ninayekuandikia kila siku habari za ile picha ya Bwana Mabega. Alasiri naitazama kwenye kibanda cha video cha jirani yetu Waya, narudi nyumbani, nanawa mikono, naandika niliyoyaona, na asubuhi barua inafika getini kwako. Hujachapa hata moja. Uliwahi kuchapa ile ya mtaro wa maji machafu, ukaikatakata mpaka ikabaki mistari miwili, na chini ukaweka jina la mtu mwingine. Nilinyamaza. La safari hii sinyamazi.

Kwa faida ya wale wachache ambao hawajaiona: ni picha ya nchi ya mbali, na watu wake wanazungumza lugha ambayo hapa mtaani hakuna anayeijua. Ndiyo maana juu yake ipo sauti ya Mtafsiri. Wao wanabwabwaja ya kwao, yeye anatueleza kwa Kiswahili nani kasema nini, na wakinyamaza anatueleza wanawaza nini. Majina ametupa yeye. Mkubwa wa picha ni Bwana Mabega, na ukimwona hutauliza kwa nini. Adui ni Kidevu. Kidevu ameiba sanduku la chuma, na ndani yake mna sahani za mama yake Mabega, zile za wageni. Mabega anazitaka. Basi, picha ni hiyo, mengine yote ni mbio na moto.

Sasa kijana wako wa ukurasa wa filamu kaandika juu ya picha hii. Mjukuu wangu wa kike alitusomea sebuleni, mimi na bibi yake, kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili msije mkasema hamkuelewa.

1. Kijana wako ameitazama picha mara moja. Si mimi ninayemsingizia, kaandika kwa mkono wake: "nilipoitazama wiki iliyopita." Mara moja! Mwanangu, mtu akipishana na mkeo mara moja njiani, halafu akaandika ukurasa mzima juu ya tabia zake, utachapa? Mara ya kwanza mtu hatazami picha, anatafuta pa kuweka miguu. Kuna mzee anapita na baiskeli nyuma ya duka la mkate wakati wenzake wanapigana ngumi, hageuzi hata shingo, na mimi mpaka leo namchunguza. Kijana wako hata hakumwona.

2. Anasema ndani ya sanduku mna karatasi za siri za serikali. Nakuomba ufikiri kama mtu aliyezaliwa na mama. Magari yameteketea, daraja limekatika, mtu mzima karuka kutoka juu ya ghorofa akaangukia kitandani (kitanda chenyewe, niseme tu, miguu yake ilishikwa na msumari mmoja mmoja, aibu kwa aliyekitengeneza). Yote hayo kwa karatasi? Karatasi huandikwa upya. Ofisi zote nilizopita maishani zimepoteza karatasi zangu, na sikuona hata karani mmoja akiruka dirishani kuzifuata. Sahani za mama utaziandika upya wapi?

3. Hili naliruka. Ni la nyumbani.

4. Anasema yule mwanamke wa gauni la kijani si mke wa Mabega, ni "mpelelezi mwenzake aliyegeuka kipenzi chake." Mtafsiri alitueleza tangu mwanzo, wazi kabisa, kwamba ni mke wake wa ndoa, mjomba alisimamia, na watu walikula wakashiba. Kwa hiyo walipokuwa wakikumbatiana pale hotelini, kibanda kizima tulikuwa tumetulia, wazee, wakwe na watoto, kila mtu na soda yake. Tangu gazeti lako litoke, tukifika pale hotelini watu wote wanatazama viatu. Baba mkwe wa Waya alisimama akasema anatoka kidogo kuangalia kama mvua itanyesha, na mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Umevunja ndoa ya watu, Mhariri, tena mbele ya wakwe.

5. Hapa sasa ukae vizuri. Anasema mwisho wa picha Bwana Mabega anakufa.

Pale mwisho, ni kweli, Mabega analala chini kwenye kituo cha treni. Wanakuja watu wa makoti meupe, wanamfunika shuka mpaka kichwani. Na Mtafsiri, kwa sauti ya upole kabisa, anasema: "Amechoka mwanaume. Mfunikeni asipigwe na baridi, kesho ana kazi." Na kesho kweli anayo. Kesho yake, saa ile ile, Mabega huyo hapo, mzima, anaruka kutoka juu ya ghorofa. Nimehakikisha kwa macho yangu kila siku isipokuwa umeme ukikatika. Maiti gani hiyo inayorudi kazini kila alasiri? Lakini kijana wako angehakikishaje, naye hakurudi kesho yake kumjulia hali?

Isitoshe, tangazo la kifo huletwa na ndugu. Kaka zangu wote nimewatangaza kwenye gazeti lako, na kila mara karani wenu wa dirishani aliniuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?" Nilijibu. Sasa na mimi nauliza: kijana wako ni nani wa Mabega?

6. Gazeti limesema pia kwamba kuweka sauti ya Mtafsiri juu ya picha ni "uharibifu wa kazi ya sanaa." Waya ni mwoga wa maneno makubwa. Akatahayari, akaiondoa diski ya Mtafsiri, akaleta nyingine anayoiita ya asili. Hii ya asili haina mtu wa kukueleza kitu. Ina maandishi yanayokimbia chini ya picha. Mimi kusoma najua, barua hii ni ushahidi, lakini nikimaliza neno la kwanza, aliyelisema keshapigwa risasi. Nilimwambia, Waya mwanangu, hawa mbona wanazungumza wasiyoyajua? Akanijibu, "Mzee, haya ndiyo wanayosema wenyewe." Wenyewe! Watu ambao hata hawajui kwamba ndani ya sanduku mna sahani!

Sasa nairudia ile ya tatu, maana nimeona ukurasa una nafasi.

3. Macho ya mke wangu yameingiwa na ukungu. Siku hizi anautambua mlango kwa mwanga wake tu. Kila alasiri nilikuwa namshika mkono tunakwenda kwa Waya, anakaa kiti cha ukutani, na picha anaitazama kwa masikio. Mtafsiri alimtosha. Mabega akiruka, mke wangu ananibana vidole kabla hajatua. Akiisha kutua salama, ananiachia. Siku ile mjukuu alipotusomea gazeti, mke wangu alisema tu, "Kumbe amekufa." Akanyanyuka akaingia chumbani. Mjukuu akamfuata: "Bibi, si sinema tu hiyo?" Nikamsikia bibi yake anamjibu, "Na mimi ndiyo niliyokuwa nayo."

Tangu hapo hatoki. Siku moja nilimbembeleza akaja. Ile ya asili ikaanza, wakabwabwaja, akaniuliza, "Wanasema nini?" Nikamwambia subiri. Akauliza tena, nikamwambia subiri, na mimi huku nazifukuza zile herufi. Mpaka picha inakwisha nilikuwa namwambia subiri. Kesho yake akasema viti vya Waya vinamuumiza mgongo. Mhariri, mimi ni fundi. Viti vile navijua na mgongo ule naujua. Haumwi. Sasa anashinda amekaa ukingoni mwa kitanda, na nikirudi kutoka kibandani haniulizi tena leo imekuwaje.

Sikukuandikia hili unionee huruma. Nimeliandika kwa sababu namba tatu ilikuwa wazi.

Kwa hayo yote nadai yafuatayo, na sipunguzi. Uchape ukurasa wa mbele kwamba Bwana Mabega ni mzima wa afya, na umwombe radhi mke wake, na hilo neno "mke" liwe kwa herufi kubwa. Kijana wako asiandike juu ya picha yoyote mpaka aitazame kila siku na azeeke nayo kidogo. Utangaze kwamba picha ya asili ni ile yenye Mtafsiri, na hii nyingine ni nakala iliyoharibiwa na wenye nchi yao. Kisha uwaandikie hao walioitengeneza, kwa lugha yao, kistaarabu tu, kwamba picha ni nzuri ila maneno wamekosea karibu yote. Wawakusanye waigizaji waje hapa warudie kuzungumza, Mtafsiri akiwa amesimama mbele yao anawaelekeza. Malazi yasiwasumbue. Wageni nitawalaza mimi, vitanda ninavyo. Mwisho, ipitishwe sheria kwamba neno la Mtafsiri lisibadilishwe hata moja na mtu yeyote yule, kwa sababu yeye ile lugha anaijua na sisi hatuijui.

Nisalimie karani wa dirishani. Nisalimie mlinzi wa getini, ambaye kila asubuhi ananiambia, "Mzee, umeleta nyingine?" kama vile ningekuja kwake kunywa maji. Msalimie mama yako, naomba unijulishe analalia kitanda gani. Hata huyo kijana msalimie, ana mwandiko mzuri nadhani. Ukitaka kuhakikisha niliyoandika, muulize Waya, muulize baba mkwe wake, na muulize mjukuu wangu, ingawa huyo atacheka kwanza ndipo akujibu.

Ni mimi ambaye bado nipo, na Mabega pia yupo,

Fundi Vitanda,
nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya mashine ya kusaga.

Tanbihi: Barua hii ilikaa mezani nikitafuta bahasha, na hapo katikati mambo yamegeuka. Naomba usiichape.

Ilikuwa hivi. Nilimrudisha mke wangu kibandani kwa ubishi tu, unanijua. Akauliza, "Wanasema nini?" Safari hii sikumwambia subiri, nilimwambia wanasema nini. Lugha yao siijui na zile herufi sikuhangaika nazo, lakini picha nimeitazama mpaka imenizoea, nitashindwaje kujua mtu anasema nini? Nilianza kwa kunong'ona. Waya akasema, "Mzee, kuna wenzako humu." Wenzangu wakasogeza viti upande wetu. Ndipo Waya akasema, "Mzee, pandisha kidogo, na huku nyuma tusikie."

Sasa katika kufanya kazi hii nimegundua kwamba Mtafsiri, pamoja na sifa nilizompa hapo juu, alikuwa na makosa mengi. Sandukuni hamna sahani peke yake, mna na birika. Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Sahani za wageni bila birika?" nikaona ndivyo. Kidevu naye si mbaya wa kuzaliwa, anaumwa jino, tazama anavyolishika shavu. Juzi alikuwa mjomba wa Mabega, jana nikaona hapana, leo sijaamua. Kwa hiyo lile dai la kutobadilisha hata neno moja ulifute kwa kalamu nzito. Waya ameipata ile diski ya Mtafsiri nyuma ya kabati, akaniuliza airudishe? Nimemwambia aiache huko huko, ina vumbi.

Kijana wako mwambie aje akae, kiti kipo. Asije mara moja.

Na kwa haya ya mwisho shahidi wangu ni mke wangu mwenyewe. Jana tulipofika pale kwenye kituo cha treni, kibanda kizima kimya, aliniinamia sikioni akauliza, "Amelala?" Nikasema kwa sauti kamili, wa nyuma nao wasikie, kwamba ndiyo, amelala, amechoka mwanaume.

Akanifinya. "Basi mbona unapiga kelele?"