Nani Atamvuta Faru?

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ametoa hukumu. Jumamosi Faru afike kwenye mashindano ya magari ya matopeni kule machimbo ya kokoto, au Jumatatu ijayo mnunuzi wa vyuma chakavu aje na misumeno yake. Hakupandisha sauti. Alikuwa na pini mdomoni na mkanda wa kupimia shingoni, na hapo ndipo huwa hatanii.

Faru ni gari langu. Nimelijenga kwa mikono hii. Magurudumu ya trekta, chesi ya gari moja, viti vya jingine, milango hakuna. Kosa lake ni moja: liliingia uani vipandevipande, na lilipokamilika likawa limesimama mbele ya mlango wa chumba cha cherehani. Wateja wanaingia kiubavuubavu. Bibi harusi mmoja alishindwa kupita, akapimwa nje, mtaa mzima ukajua kiuno chake.

Faru hana namba ya usajili wala taa. Barabarani hatafika popote, polisi watamla mzimamzima. Linatakiwa tela, na gari la kuvuta tela.

Shemeji, kaka yake mke wangu, anavyo vyote viwili. Pikapu yenye nguvu, na tela pana lenye breki zake. Anakaa mtaa wa pili. Mke amesema nikamwombe tu.

Ng'o! Siku Shemeji alipomwona Faru mara ya kwanza, aliuliza kwa upole kama hiyo ni mashine ya kusaga. Kwa upole! Sitasahau.

Jumanne, 4 Juni

Kutwa nzima natafuta tela.

La kwanza ni la kubebea boti. Zuri, limepakwa rangi. Ila limechongwa kwa kitu chenye tumbo, na Faru hana tumbo. La pili ni la mifugo. Lina paa, na Faru angetoa kichwa juu kama twiga. Halafu ile harufu! Nimerudi nyumbani, mke akanielekeza bombani kabla ya salamu.

La tatu ni la yule jirani anayekodisha mahema na viti. Bapa, refu, limeshika kutu kwa heshima. Ameuliza uzito wa Faru. Nimemjibu si mzito sana. Ameuliza tena. Nimemwambia sijawahi kumbeba mgongoni. Amecheka. Nimehesabu kicheko hicho kuwa ni ndiyo.

Nimepata tela! Shemeji na alale na lake.

Jumatano, 5 Juni

Gari la kuvuta. Gari langu mwenyewe lingefaa sana, ila injini yake sasa imo ndani ya Faru.

Dereva teksi wa kona ya pili alikubali kabla hajaona mzigo. Nikamleta uani. Alimtazama Faru, akapandisha kioo, akaondoka kinyumenyume hadi barabarani.

Basi nikapiga moyo konde, nikaenda kwa baba mkwe. Analo gari la zamani, refu, zito, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Analifuta vumbi kila asubuhi na halitoi ila kwa jambo kubwa. Nyuma lina ndoano ya tela, aliiweka enzi akivuta tangi la maji. Nilipoiona ile ndoano moyo ulinidunda kama siku ya posa.

Kumwambia kweli? Nimemwambia nataka kumpelekea gari kwa fundi akalinyooshe magurudumu, iwe shukrani yangu kwake. Mzee ameguswa. Amenishika bega. Amempigia Shemeji simu mbele yangu, akamwambia aone mkwe anavyomjali baba mkwe wake, yeye mtoto wa kumzaa hajawahi hata kumjazia upepo.

Nilipaswa kuona aibu. Nimeiona, lakini kidogo.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji amekuja. Eti kumsalimia dada yake. Amelizunguka tela, amegusa ndoano, ameinama kutazama springi. Kisha akasema, kwa upole uleule wa mashine ya kusaga, kwamba injini ya Faru ndiyo uzito, kwa hiyo nimpandishe pua ikielekea kwenye gari. Uzito ukikaa nyuma ya tela, utanyanyua mkia wa gari la mbele. Nimemshukuru. Ameondoka.

Nimekaa nikafikiri sana. Mtu huyu anitakie mema kwa nini? Kama Faru akifika salama bila yeye, atapata nini? Hapana. Huo ni mtego, na mtego hutegwa kwa sauti ya upole.

Injini itakaa nyuma.

Mke ameuliza kaka yake alisema nini. Nimesema alisifia tela.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempandisha Faru kinyumenyume juu ya mbao. Ubao mmoja umevunjika, mwingine umelia lakini umevumilia. Injini imekaa mwisho kabisa wa tela. Nimemfunga kwa kamba za mahema na kamba ya kuanikia nguo. Mke anauliza shuka zitaanikwa wapi. Maswali mengine mtu huyapita tu.

Nimeunganisha tela na gari la baba mkwe. Mara gari limeinua makalio juu. Nimefurahi. Springi bado zina nguvu, mzee anajua kutunza.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi. Ardhi ingepasuka leo ningejitumbukiza bila kusukumwa.

Asubuhi niliwasha, nikatia gia, nikakanyaga. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa kasi ya ajabu. Hewani! Yalikuwa yameachana na ardhi shibri nzima, yanavuma tu kama feni, na wateja wa mke wangu wamejipanga mlangoni wanatazama.

Wakati huohuo akaingia mama mkwe, amekuja kujaribu gauni. Akalitambua gari la mumewe. Akaniuliza fundi wa magurudumu anakaa upande gani. Nikamwambia upande wa machimbo. Akauliza na hili dude nyuma ni la nini. Nikasema fundi analihitaji.

Kisha nikafanya jambo ambalo mkwe mwenye akili hafanyi. Mama mkwe ni mtu wa mwili, Mungu ambariki. Nikamwomba, kwa heshima zote, anisindikize, akae kiti cha nyuma. Nyuma kabisa, Mama, ndiko kwenye upepo. Akaketi. Gari likashuka taratibu, magurudumu yakagusa ardhi, tukaondoka! Mke alibaki mlangoni ameshika mkasi.

Tulikwenda vizuri mpaka kilima cha sokoni. Hapo mama mkwe akamwona shoga yake, akasema nisimame amsalimie. Nikasema tumechelewa. Akasema tena. Nani anamkatalia mama mkwe mara mbili? Nikasimama, nikavuta breki ya mkono, nikashuka mimi mwenyewe kwenda kumfungulia mlango, maana adabu ni adabu.

Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma. Hili nimelijua leo.

Mama mkwe akatia mguu chini. Akatia wa pili. Gari likanyanyua mkia, magurudumu yaliyofungwa breki yakaelea, na msafara wote ukaanza kuteremka kilima kinyumenyume bila dereva. Nililishika bampa. Bampa nikabaki nalo. Tela likapinda, likaingia mtaroni, kamba ya nguo ikakatika, Faru akateleza akalala kwa ubavu. Gari la baba mkwe likapindukia kwenye rundo la mchanga, magurudumu juu.

Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Mama mkwe akatoa simu, akampigia mwanawe.

Shemeji alifika. Hakucheka! Angecheka ningepata pa kuanzia ugomvi. Alimtoa Faru mtaroni, akampandisha kwenye tela lake, pua mbele. Akaniambia muda wa mashindano bado upo, twende wote. Kiti kilikuwepo. Nikamwambia nabaki kulinda gari la mzee.

Linalindwa nini? Liko ndani ya mchanga.

Mama mkwe akapanda pikapu, wakaenda.

Jumapili, 9 Juni

Faru alifika. Amekuwa wa pili! Shemeji akiendesha, mama mkwe kando yake. Nimeonyeshwa picha. Mama mkwe ana tope mpaka kwenye nyusi, anacheka. Miaka yote ya ndoa yangu sijapata kumwona akicheka.

Mke ametimiza ahadi. Hachinjwi Faru. Ila atakaa kwa Shemeji, kuna banda. Shemeji ametuma salamu kwamba gari ni langu, ufunguo uko kwenye msumari, na siku yoyote nikitaka kwenda machimboni niseme tu, atanivuta.

Niseme tu!

Mwenye mahema amekuja kuchukua tela lake, amelitazama, ameuliza tena uzito wa Faru. Baba mkwe naye amesema neno moja tu, kwamba magurudumu kweli yamenyooka, yote manne yanatazama juu.

Ua umebaki mtupu. Doa la oili tu. Mlango wa chumba cha cherehani umefunguka hadi ukutani, wateja wameingia watatu kwa pamoja, wanaongea, mashine inalia. Mke anaimba. Nimekaa kwenye doa la oili. Nimelia. Mke alipotoka nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 10 Juni

Mke ameniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakunisema kwa ubaya, aliniwekea na chai. Nimemuelewa. Kweli nimemuelewa. Nikavaa shati safi, nikaenda kwa Shemeji kuomba radhi, kumshukuru, na kumwomba anipeleke machimboni Jumamosi.

Nilifika getini. Nilimwona Faru bandani, ameoshwa, pua inang'aa. Niliinua mkono nibishe hodi.

Hapo ndipo nikaliona. Ng'ambo ya barabara, chini ya turubai: lori, lina kibao cha kuuzwa! Lina bodi pana, Faru anaingia mzima na nafasi inabaki. Halihitaji tela. Halihitaji ndoano. Halihitaji kumwomba mtu yeyote chochote maisha yangu yote! Mkono nikaushusha, nikavuka barabara.

Tumeelewana na muuzaji papo hapo. Nitaliegesha uani, pale mbele ya mlango wa cherehani, sasa pako wazi.

Ni mtu mkweli, ameniambia lina kasoro moja ndogo: haliwaki. Kwa hiyo sasa natafuta kitu cha kulivutia mpaka nyumbani. Kwa Shemeji siendi.